Miaka miwili ya katikati: historia ya shule zetu ndogo katika mji wa Lubumbashi



Katika kurasa nyingine za kitabu hiki cha Yubilei mtasoma habari za kanisa: kuta zake, kengele yake, mapadri waliolitumikia na kwaya zilizoimba ndani yake. Ni haki kuzisoma. Lakini karibu na makanisa mengi ya mji wetu kuna nyumba nyingine, ndefu na nyembamba, yenye paa la mabati na madirisha yaliyokosa vioo. Kila asubuhi watoto wenye kuvaa bluu na nyeupe wanapanga mistari mbele yake. Nyumba hiyo ni shule, nayo ina historia yake.

Hatutaandika hapa historia ya shule zote za Lubumbashi; kazi hiyo ingeomba kitabu kizima. Tunapenda kuangalia ngazi moja tu, ngazi ya katikati, yaani ile miaka miwili inayofuata kalasa ya sita ya shule ya msingi na kutangulia humanités. Waliosoma baada ya uhuru wanaiita C.O., kwa kirefu Cycle d'Orientation. Watoto wa leo wanaiita ya saba na ya nane. Mtoto anaingia humo akiwa na miaka 12 hivi, na kutoka akiwa na miaka 14. Anaingia akiwa bado mtoto wa mama, anatoka akianza kuwa mtu.

Ngazi hii ni ndogo, lakini ndiyo mlango. Nani apite, nani abaki nje, na nani abebe gharama ya kupita kwake? Swali hilo limerudi katika kila kipindi cha historia yetu, na hata leo halijapata jibu la mwisho. Kwa hiyo tumeona ni vema kulikumbuka katika siku hizi za furaha, kwani Yubilei siyo kushukuru tu, bali pia ni kuhesabu deni.

1. Ardhi kwa ajili ya shule

Tarehe 26 Mei 1906, Serikali Huru ya Kongo, iliyokuwa mikononi mwa mfalme Leopold II, ilifanya mapatano na Kiti Kitakatifu cha Roma. Misioni ya kikatoliki ingepewa ardhi ya hektari 100 mpaka 200. Misioni kwa upande wake ingefungua shule, na katika shule hiyo watoto wangefundishwa zaidi kilimo na kazi za mikono. Mpango wa masomo ungepelekwa kwa Gavana. Hivyo tangu mwanzo shule yetu ilikuwa na mabwana wawili: Kanisa lililoiongoza, na Serikali iliyotoa ardhi na kutaka kujua kinachofundishwa. Mapatano mengi yaliyofuata baadaye yalifanana na yale ya kwanza.

Mji wenyewe ulizaliwa mwaka wa 1910. Mwezi wa Septemba mwaka ule reli iliyotoka upande wa Rhodesia ilifika hapa juu ya shaba, na mji ukaitwa Elisabethville. Mwaka uleule Roma ilianzisha Prefektura ya Kitume ya Katanga na kuikabidhi kwa Wabenediktini wa monasteri ya Saint-André, karibu na Bruges huko Ubelgiji. Dom Jean-Félix de Hemptinne aliwekwa mkubwa wao. Alipewa uaskofu mwaka wa 1932, naye aliongoza Kanisa la hapa mpaka kufa kwake mwaka wa 1958.

Mwezi wa Novemba 1911 Wasalesiani wa Don Bosco walifika, Padri Joseph Sak akiwa kiongozi wao. Walifanya kazi mbili. Kwa watoto wa Wazungu walifungua shule iliyokuja kuitwa Collège Saint-François de Sales. Kwa vijana Waafrika walifungua shule ya ufundi, ambayo baadaye ilihamia Kafubu, nje ya mji. Tazama jinsi mji mmoja ulivyokuwa na milango miwili. Mlango mmoja ulielekea Kilatini na hesabu za juu. Mlango wa pili ulielekea randa, nyundo na cherehani. Mlango ule wa pili haukuwa wa aibu, kwa maana seremala na waashi waliotoka humo ndio waliojenga sehemu kubwa ya mji huu. Shida ni kwamba mtoto hakuuchagua mwenyewe. Alichaguliwa na rangi ya ngozi yake.

2. Mlango mwembamba

Kati ya 1925 na 1929 Serikali ya Ubelgiji ilipanga upya elimu ya koloni. Ilikubali kuzipa misioni za kitaifa, karibu zote za kikatoliki, msaada wa fedha kwa shule zao, mradi zifuate mpango wake na kupokea wakaguzi wake. Wakati ule kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka wa 1906, ilikuwa imebadilisha siasa yake. Badala ya kuleta wafanyakazi wa miezi michache na kuwarudisha vijijini, ilitaka wakae kambini pamoja na wake na watoto wao. Palipo watoto panahitajiwa shule, na kampuni ilikabidhi shule za kambi kwa wamisionari.

Watoto walisoma nini humo? Walijifunza kusoma na kuandika, kuhesabu, katekismu, nyimbo, usafi wa mwili na wa nyumba, kazi ya shamba na ya mikono. Katika shule za mjini Kiswahili ndicho kilichotumiwa kufundishia. Wazee wetu walipata humo zawadi kubwa: waliweza kusoma barua na Injili katika lugha waliyosema nyumbani. Lakini waliona pia kwamba Kifaransa, lugha ya ofisi na ya cheo, kiliwekwa mbali nao, na wazazi wengi waliomba watoto wao wakifundishwe. Walielewa kwamba lugha ile ilikuwa ufunguo, na ufunguo haukuwa mfukoni mwao.

Baada ya shule ya msingi njia zilikuwa chache: shule ya ufundi, shule ya walimu, au seminari. Kwa miaka mingi seminari ndogo ndiyo iliyokuwa mahali pa kupata masomo kamili ya sekondari kwa mtoto Mwafrika. Katika Katanga ya kaskazini, pwani ya Ziwa Tanganyika, Mapadri Weupe walianza mapema kazi hiyo. Katika shule zao alilelewa Stefano Kaoze, padri wa kwanza Mkongo wa nyakati hizi, aliyepewa daraja mwaka wa 1917. Wengi waliotoka seminarini bila kufikia upadri walikuwa walimu, makarani na waandishi. Hasara ya seminari ilikuwa faida ya miji.

Lazima tuseme ukweli bila kuvunja heshima ya waliotutangulia. Siyo Serikali peke yake iliyotaka mlango ubaki mwembamba. Wakuu wengi wa Kanisa, na Monsinyori de Hemptinne mmoja wao, waliona kwamba Mwafrika anapaswa kwenda polepole, hatua kwa hatua, chini ya mkono wa wakubwa. Walijenga shule nyingi za chini, na tunawashukuru kwa moyo. Lakini walichelewa kujenga zile za juu. Matunda ya kuchelewa huko yalionekana siku ya uhuru, 30 Juni 1960: watoto zaidi ya milioni moja walikuwa katika shule za msingi, lakini Wakongo wenye diploma ya chuo kikuu walihesabiwa kwa vidole, hesabu inayotajwa mara nyingi ni 16.

3. Mwalimu Kiwele na maisha ya pamoja

Hata hivyo, ndani ya mlango ule mwembamba maisha yalikuwa na utajiri wake. Mfano mzuri kwa mji wetu ni Institut Saint-Boniface ya Wabenediktini, ambapo Joseph Kiwele alifundisha.

Kiwele alizaliwa Mpala, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka wa 1912, akalelewa katika shule za Mapadri Weupe. Alipokuja Elisabethville alileta elimu ya muziki aliyoipata seminarini na masikio yaliyozijua ngoma za nchi yake. Alitunga muziki wa kwaya, na kazi yake inayojulikana zaidi ni Missa Katanga. Mwaka wa 1937 Dom Anschaire Lamoral, Mbenediktini, alikuwa ameanzisha kwaya ya watoto iliyoitwa Petits Chanteurs à la Croix de Cuivre, yaani waimbaji wadogo wa msalaba wa shaba. Jina hilo lilitoka katika udongo wetu: msalaba mdogo wa shaba ulikuwa fedha ya wazee wa Katanga kabla ya franka kufika.

Kwa nini tunakumbuka kwaya tunapozungumza juu ya masomo? Kwa sababu kwaya ni shule pia. Mtoto anayeimba sauti ya pili anajifunza kusikiliza ya kwanza. Anajifunza kufika saa ya kufika na kunyamaza saa ya kunyamaza, na kwamba kosa lake moja linaharibu kazi ya wote. Katika kwaya mtoto wa Muluba alisimama karibu na mtoto wa Mubemba, na mtoto wa Mutabwa karibu na mtoto wa Musanga, wote wakipumua pamoja. Mji wa kambi na kartie, uliokusanya watu wa kila upande, ulihitaji sana mahali pa namna hiyo.

Kiwele alikuwa baadaye waziri wa elimu wa Katanga iliyojitenga, naye ndiye aliyetunga muziki wa wimbo wake wa taifa. Alikufa mwaka wa 1961. Siasa ya wakati ule ilipita pamoja na machozi yake. Jina la mwalimu limebaki, na hata lycée moja ya mji wetu inalichukua. Watu wanasahau waziri, hawasahau mwalimu.

4. Kuzaliwa kwa C.O.

Ili kuelewa ngazi ya katikati tunapaswa kwanza kujua mpango wa 1948. Kadiri ya mpango ule, baada ya miaka miwili tu ya shule ya msingi watoto waligawanywa. Wengi waliwekwa katika njia ya kawaida, iliyowarudisha upesi kwenye kazi. Wachache waliwekwa katika njia ya waliochaguliwa, iliyoweza kuwafikisha sekondari. Yaani mtoto wa miaka minane au tisa alikuwa amekwisha kuhukumiwa. Kama mwalimu wake alikuwa mgonjwa mwaka ule, au kama yeye mwenyewe alikawia kuamka akilini, maisha yake yote yalibeba alama hiyo.

Miaka iliyofuata ilileta haraka. Tangu 1954 waziri wa makoloni Auguste Buisseret alifungua shule za Serikali zisizo za misioni, na ugomvi mkubwa ukatokea kati yake na maaskofu. Ugomvi huo ulitokea Ubelgiji, lakini watoto wetu walipata faida yake, kwani kila upande ulitaka kuonyesha kwamba shule zake ni bora. Katika miaka hiyo ya 1950 shule zilizokuwa za Wazungu zilianza pia kupokea watoto Waafrika, mmoja mmoja. Mwaka wa 1956 chuo kikuu cha Serikali kilifunguliwa hapa Elisabethville.

Baada ya uhuru, mageuzi yaliyoanza mwaka wa 1961 yalivunja ule mgawanyo wa mapema. Yaliamuliwa Léopoldville wakati Katanga ilikuwa imejitenga, toka Julai 1960 mpaka Januari 1963. Nchi ilipounganishwa tena, mpango ukawa mmoja kwa wote. Mpango huo mpya ulisema: mtoto amalize miaka sita ya msingi, kisha asome miaka miwili iliyo sawa kwa wote, ndipo aelekezwe upande wa sayansi, wa ualimu, wa biashara au wa ufundi. Miaka hiyo miwili ilipewa jina la Cycle d'Orientation.

Ndugu wapenzi, wazo hilo lilikuwa zuri. Maana yake ni kwamba mtoto hapimwi siku moja kama gunia la unga kwenye mizani. Anatazamwa kwa miaka miwili. Walimu wengi wanamwona: huyu wa hesabu, yule wa Kifaransa, mwingine wa jiografia, wa historia, wa elimu ya viumbe, wa dini, wa michezo. Mwisho wa mwaka wanakaa pamoja, wanatazama buletini yake na kuulizana: kijana huyu ana mkono gani, ana akili ya namna gani, tumpeleke wapi?

Tena C.O. ilifaa shule ndogo. Humanités za sayansi zinaomba laboratwari na walimu wenye diploma za juu. C.O. inaomba vyumba viwili, ubao, ramani, na walimu wachache wanaoipenda kazi yao. Kwa hiyo parokia au kartie isiyoweza kujenga kolegi kubwa iliweza kuongeza vyumba viwili pembeni ya shule yake ya msingi. Mtoto wa Kenya, wa Katuba au wa Ruashi hakulazimika kuvuka mji mzima kwa miguu ili kupata ya saba.

Katika kalasa ndogo kama zile mwalimu alimjua kila mtoto na jina la baba yake. Aliyekosa siku mbili aliulizwa habari zake nyumbani. Kazi ngumu zaidi ilikuwa Kifaransa. Katika msingi mwalimu aliweza kueleza kwa Kiswahili pale mtoto aliposhindwa. Katika C.O. kila somo lilikuja kwa Kifaransa, na mtoto aliyekuwa wa kwanza katika hesabu alianguka kwa sababu hakuelewa maneno ya swali. Walimu wenye busara walijua kutofautisha ujinga na ukimya wa lugha.

5. Shule inachukuliwa, shule inarudishwa

Mwaka wa 1971 nchi ilipewa jina la Zaire, na jimbo letu likaitwa Shaba mwaka uleule. Mwaka wa 1972 majina ya kikristu yalikatazwa, na vyama vya vijana vya Kanisa vilizimwa, kwani vijana wote walitakiwa kuwa katika vijana wa chama kimoja cha M.P.R. Kila asubuhi wanafunzi waliimba na kucheza mbele ya bendera kwa kumsifu Rais. Majina ya shule yalibadilishwa pia: Collège Saint-François de Sales ikawa Institut Imara. Walioyachagua majina hayo mapya hapa mjini walitumia mara nyingi Kiswahili kizuri, kama vile Imara na Tuendelee, na majina hayo watu waliyapenda hata walipokuwa hawayapendi mambo mengine ya wakati ule.

Tarehe 30 Desemba 1974 Rais Mobutu alitangaza hatua kali zaidi: shule zote za makanisa zikawa za Serikali. Somo la dini likaondolewa, na mahali pake likawekwa somo la uraia na siasa. Mapadri na masista waliokuwa wakubwa wa shule walikabidhi funguo. Baadhi yao walibaki humo kama walimu wa kawaida, chini ya wakubwa wapya.

Wakati ule Askofu Mkuu wetu alikuwa Monsinyori Eugène Kabanga Songasonga, aliyeongoza jimbo kuu toka 1967 mpaka 1998. Mwaka wa 1976 aliandika barua ya kichungaji yenye jina la "Je suis un homme", yaani "Mimi ni mtu". Katika barua hiyo alitetea heshima ya binadamu na kulaumu rushwa na tamaa ya fedha zilizokuwa zikiharibu nchi. Kwa walimu barua hiyo ilikuwa somo la uraia ambalo hawakulipata katika vitabu vya chama.

Muda wa miaka miwili ulitosha kuonyesha kwamba kuchukua shule ni rahisi kuliko kuiongoza. Fedha za vifaa zilipotea njiani, nidhamu ililegea, majengo yalichakaa. Tarehe 26 Februari 1977 Serikali ilitia sahihi mapatano na makanisa. Shule zilibaki mali ya taifa. Serikali ingelipa walimu, ingeamua mpango wa masomo na kutuma wakaguzi. Kanisa lingeongoza kila siku, na somo la dini lingerudi. Ndiyo sababu mpaka leo tunaziita écoles conventionnées, shule za mapatano. Msomaji atakumbuka yale ya 1906: mabwana wawili, mtoto mmoja.

6. Mzazi anakuwa mlipaji

Katika miaka ya 1980 mshahara wa mwalimu ulipungua nguvu mwezi kwa mwezi, na mwanzo wa miaka ya 1990 ulikuwa umekwisha kuwa kama jina tu. Oktoba 1991 maduka na magala ya mji wetu yaliporwa. Migomo ilifunga shule kwa miezi mingi. Wakati huo, hasa kuanzia 1992 na 1993, wazazi na viongozi wa shule za makanisa walipatana juu ya jambo ambalo hakuna sheria iliyolipanga: wazazi wenyewe watachanga fedha ili walimu waweze kula na kufundisha. Mchango huo uliitwa prime.

Miaka hiyohiyo ilikuwa na jeraha lingine. Katika 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika miji ya Shaba, zaidi Likasi na Kolwezi. Familia nyingi zilingoja treni kwa wiki na miezi kwenye vituo vya reli, na wengi walikufa humo na njiani. Kati yao walikuwa walimu wengi na wanafunzi wengi. Katika kalasa, benchi zilibaki tupu. Hatuwezi kuandika juu ya maisha ya pamoja ya shule zetu bila kutaja siku hizo ambapo maisha ya pamoja yalivunjika. Walioimba sauti ya kwanza na ya pili walitenganishwa kwa kuulizwa kabila la baba zao. Jambo hilo tulifundishe watoto wetu kwa majina yake, ili lisirudi.

Shule iliendelea kwa sababu ya prime. Mama aliyeuza makala au samaki sokoni alitenga noti chache kila mwezi. Baba aliyekuwa hajalipwa na Gécamines alikopa kwa ndugu. Komite ya wazazi ilikaa na prefe wa masomo kuhesabu: kiasi gani kwa walimu, kiasi gani kwa chaki, kiasi gani kwa paa lililovuja. Watu waliokuwa hawajawahi kusoma hesabu za shule walijifunza kuzisoma. Kwa maana hiyo, katika miaka ile ambapo Serikali haikuwa na kitu mkononi, shule zetu ndogo zilipata kujitegemea kwa kweli.

Lakini kujitegemea huko kulikuwa na mtu aliyelia nyuma yake. Mtoto ambaye mzazi wake alishindwa kulipa alirudishwa nyumbani, mara nyingi siku ya mtihani, mbele ya wenzake. Tumewaona watoto hao wakisimama nje ya ukuta, wakisikiliza somo kwa dirisha. Mchango uliookoa shule ulimtoa nje mtoto wa maskini. Mwaka wa 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walipoachishwa kazi kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, idadi ya nyumba zilizoshindwa kulipa iliongezeka. Mara nyingi msichana ndiye aliyeondolewa wa kwanza, na mara nyingi aliondolewa katika ya saba au ya nane, kwa sababu mikono yake ilikwisha kuwa na nguvu ya kusaidia nyumbani.

7. Mlango wa leo

Katiba ya 2006, katika kifungu cha 43, inasema kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni ya lazima na ya bure. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 iliongeza jambo kubwa: elimu ya chini kabisa inayomfaa kila mtoto ni miaka minane, yaani sita ya msingi pamoja na miwili inayofuata. Hivyo ile C.O. ya zamani imepewa jina jipya na heshima mpya. Si ngazi tena ya wale wanaoendelea tu. Kadiri ya sheria, ni ya wote. Mwishoni mwa ya nane mtihani wa taifa unamsaidia mtoto kuelekezwa, sawasawa na wazo lile la 1961.

Mwezi wa Septemba 2019 Serikali ilianza kutimiza neno la Katiba, na prime ikakatazwa katika shule za msingi. Watoto wengi waliokuwa mitaani waliingia shuleni, na kalasa zikajaa mpaka mlangoni. Tunafurahi. Lakini bure hiyo ilitekelezwa katika kalasa sita za kwanza. Mtoto wa maskini alipomaliza ya sita alikutana na ya saba yenye kulipiwa. Sheria inahesabu miaka minane. Mfuko wa nyumba nyingi unasimama kwenye ya sita. Jina la mlango limebadilika mara nyingi, na kila mara kuna watoto wanaobaki nje yake.

Wageni wetu wanaopita mwezi wa Julai wanajua furaha ya mji huu siku ya matokeo ya mtihani wa taifa wa mwisho wa sekondari: vijana wanamwagiwa poda nyeupe kichwani, mama wanapiga vigelegele, kartie nzima inacheza. Poda ile ni nzuri, nasi tunaipenda. Lakini kwa kila kichwa cheupe tunachokiona, tukumbuke wale walioanza ya kwanza pamoja naye na hawakufika. Wengi wao hawakushindwa na mtihani. Walishindwa na ile hatua moja, kati ya ya sita na ya saba.

Kwa kumaliza

Tumeona kwamba shule yetu imekuwa ya misioni, ya kampuni, ya Serikali, na ya mapatano. Kila mwenye nayo aliacha kitu kizuri na kitu cha kusahihishwa. Walioibeba katika nyakati zote ni wawili: mwalimu aliyeingia kalasani bila mshahara wa kutosha, na mzazi aliyetoa kabla ya kula. Bila hao wawili majengo yangebaki magala.

Basi, wakristu wapenzi, katika Yubilei hii tutengeneze kanisa, tupake rangi, tununue kengele kama inawezekana. Lakini kila jumuiya hai iulize pia jambo moja rahisi katika njia zake: ni watoto gani waliomaliza ya sita mwaka huu, na nani kati yao hajaandikwa katika ya saba? Hesabu hiyo haiombi ofisi wala fedha. Inaomba macho na daftari. Majina yakijulikana, mchango wa pamoja unaweza kufuata, kwani mzigo unaomshinda mama mmoja haushindi njia nzima. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Na ninyi walimu wetu wa ya saba na ya nane, mliokaa miaka yote hii katika vyumba vya joto na vumbi la chaki, pokeeni shukrani za parokia. Kitabu cha Yubilei hakina nafasi ya majina yenu yote. Mungu anayajua, na watoto mliowapitisha mlangoni wanayakumbuka.